Jani Linalojikunja Mchana

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto wa chai, Nashilu alichukua panga na kwenda kwenye migomba.

Nyumba yake iko juu kidogo ya Olmotonyi, upande wa mlima ambako jua la jioni hukawia kuzama. Nyuma ya nyumba kuna banda la ng'ombe. Nyuma ya banda kuna migomba. Nashilu aliangalia juu, akachagua jani, akakata. Akachagua jingine, akakata. Aliyafunga kwa kamba ya mgomba, akajitwika, akampelekea ng'ombe wake, Sidai.

Sidai alikuwa ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Alikuwa na mimba, na alikula kama mgeni aliyetoka safari ya mbali.

Hivyo ndivyo Nashilu alivyofundishwa na mama mkwe wake, tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi. Mama mkwe alimshika mkono, akamzungusha kwenye migomba, akamwambia, "Hii sasa ni yako. Uwe unapunguza majani, hewa ipite, na ng'ombe apate kitu." Mama mkwe alishafariki. Migomba ilibaki, na watoto wote wa Nashilu walikulia kwenye migomba ile. Wa kwanza, Silantoi, sasa ameolewa Monduli.

Lakini miaka ya karibuni mvua ilikuwa inakuja imechelewa na kuondoka mapema. Migomba ilikuwa myembamba. Mikungu ilikuwa midogo, ndizi zenyewe fupi na kavu.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa alikuja Sia, mama wa Kichaga anayenunua ndizi vijijini na kuziuza sokoni Arusha mjini. Alisimamisha kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, akaushika mkungu wa Nashilu, akaugeuza huku na huku.

"Mama Silantoi, hiki ni nini?"

"Si mkungu huo."

"Mkungu? Mimi nikadhani ni kitana cha nywele."

"Usinicheke, Sia."

"Sikucheki, mama. Wateja wangu ndio watanicheka mimi." Akaurudisha chini taratibu, akapanda gari lake.

Elinaza, mume wa Nashilu, alikuwa anarekebisha mlango wa banda. Alisikia yote, akaendelea kugonga misumari. Jioni, walipokuwa wanakula, ndipo aliposema.

"Rodrick amenipigia tena."

Rodrick ni bwana wa mjini. Hukodi mashamba, huleta mashine ya kuvuta maji, hulima nyanya.

"Anataka nini?" Nashilu aliuliza, ingawa alijua.

"Anataka pale nyuma pote. Tung'oe migomba, yeye alime."

"Na mimi?"

"Wewe utanunua ndizi sokoni kama watu wengine."

Nashilu aliweka kijiko chini. Maneno yale yalimchoma. Tangu aolewe hajawahi kununua ndizi. Mgeni akija, Nashilu anaingia nyuma ya banda, anatoka na chane. Binti yake akijifungua, supu ya ndizi inatoka pale pale. Leo aende sokoni na kikapu, apange foleni?

"Baba Silantoi," alisema, "nipe mpaka masika iishe."

Elinaza alitafuna kwanza, akameza. "Haya. Masika ikiisha, kama mikungu ni hii hii, Rodrick anaingia. Na usiniambie nilikuwa na haraka."

*

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mzee wa kanisa alimsimamisha dada mmoja mbele ya usharika. Alikuwa na miwani na viatu vya kutembelea shambani. Jina lake Agnela. Alikuwa mwanasayansi wa mimea, mwenyeji wa Kilimanjaro, lakini kazi yake iko Arusha mjini. Alisema anatafiti jinsi migomba inavyovumilia jua kali na ukame, na anatafuta familia zitakazomruhusu kupima migomba yao.

Nashilu alinyoosha mkono kabla mtu mwingine hajafikiri.

Wakati wa kurudi, Elinaza alisema, "Daktari wa migomba. Haya, aje na sindano zake."

"Acha aje. Wewe una dawa gani?"

Elinaza aliongeza mwendo.

Agnela alifika katikati ya wiki, jua likiwa kichwani. Alimkuta Nashilu chini ya mgomba, panga mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Siku hizi ya asubuhi hayamtoshi ng'ombe. Ngoja nimalizie hili moja."

Jani alilotaka kukata lilikuwa limejikunja. Pande zake mbili zilikuwa zimeanguka kulia na kushoto, kama paa la nyumba.

"Mama, samahani," Agnela alisema. "Kwa nini umechagua hilo?"

"Hili limechoka. Huoni lilivyojikunja? Hili linakufa. Mimi nakata yaliyochoka kwanza, mazima nayaacha."

"Nipe dakika chache tu kabla hujalikata."

Agnela alifungua begi, akatoa kifaa kidogo kama kibanio cha nguo. Alikibana kwenye jani. Alieleza kwamba kifaa kile kinamulika jani, kisha kinaangalia ni mwanga gani unaorudi. Jani lililo hai hurudisha mwanga kwa namna moja. Jani lililokufa hurudisha kwa namna nyingine. Walisubiri. Namba ikatokea.

"Liko hai," Agnela alisema. "Tena lina nguvu zake."

"Hai, na limelala hivyo?"

"Usiamini kifaa changu, mama. Wala usiniamini mimi. Lifunge kitambaa, uje uliangalie kesho, jua likiwa bado halijapanda."

Nashilu alicheka. Alichana ukanda wa khanga yake kuukuu, akaufunga kwenye kikonyo cha lile jani. Siku ile Sidai alipata jani moja pungufu.

Asubuhi alitoka na panga kama kawaida. Akaangalia juu kuutafuta ukanda wa khanga. Lile jani lilikuwa limetandazika, bapa kama mkeka mpya, na matone ya umande yalikuwa yanateleza juu yake. Nashilu alizunguka shina. Aliona majani mengine yaliyokuwa yamejikunja jana. Yote yamefunguka. Saa sita alirudi tena. Yote yamejikunja.

Akampigia Agnela simu.

"Daktari, lile jani limefufuka."

"Halikuwa limekufa, mama."

"Sasa lilikuwa linafanya nini?"

"Nakuja. Weka chai."

*

Walikaa kwenye vigoda kivulini, karibu na banda. Elinaza naye alisogea, akijifanya ananoa jembe.

"Mama, chakula cha mgomba kinapikwa wapi?" Agnela aliuliza.

"Si kwenye udongo? Mizizi inakivuta."

"Mizizi inavuta maji na chumvichumvi za udongo. Hivyo ni kama maji na viungo vyako vya jikoni. Bado hujapika. Jiko lenyewe ni jani." Agnela aliokota jani, akaligeuza upande wa chini. "Hapa kuna vitundu vidogo sana, macho hayavioni. Hewa inaingia humo. Maji yanatoka kwenye mizizi. Moto wa kupikia ni mwanga wa jua, na ile rangi ya kijani ndiyo inayoukamata. Hewa, maji na mwanga vikikutana, inapatikana sukari. Sukari hiyo inashuka kwenye shina, kwenye mizizi, kwa machipukizi, na kwenye mkungu. Vitabuni kazi hiyo inaitwa usanisinuru. Wewe ukitaka iite mapishi ya jani."

"Na kujikunja?"

"Vile vitundu vinavyoingiza hewa ndivyo vinavyotoa maji. Jua likiwa kali na udongo mkavu, mgomba unaona maji yanaisha. Basi unafunga vitundu. Unakunja majani ili jua lisiyapige usoni. Mapishi yanapungua, lakini maji yanabaki. Usiku mizizi inavuta maji kidogo kidogo, asubuhi jani linafunguka, linapika mapema kabla ya joto."

Nashilu aligeuka. Aliangalia migomba yake. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo wakati mgomba unahangaika na ukame, umefunga mlango ili uokoe maji, mimi nakuja nabomoa jiko."

"Kila siku."

"Na nategemea chakula kiive."

Elinaza aliacha kunoa. "Ngoja, daktari. Mama yangu alikata majani maisha yake yote. Na mikungu yake ilikuwa mikubwa. Nimeila mimi."

"Baba, wakati wa mama yako, ng'ombe walikuwa wanakula wapi?"

"Walichungwa. Kule juu, na kule chini kote kulikuwa wazi."

"Na sasa?"

Elinaza aliangalia chini ya mlima. Kule chini kote kulikuwa mabati ya nyumba. "Sasa wamefungwa ndani."

"Basi mama yako alikata jani moja moja, ng'ombe aonje. Leo ng'ombe anaishi kwa majani hayo. Na mvua za wakati ule si za leo. Hata mama yangu kule Machame anafanya hivi hivi, na nilipomwambia aliniuliza nimesoma ili nije nimfundishe migomba."

Nashilu alicheka mpaka chai ikamwagika.

Agnela alieleza kwamba mgomba unapotoa mkungu unahitaji majani mabichi nane au zaidi, ili mkungu unenepe. Nashilu alisimama, akahesabu majani ya mgomba uliokuwa karibu. Yalikuwa manne. Akahesabu ya uliofuata. Matatu, na moja limechanika.

"Jani lililo la njano au kahawia kabisa, hilo limestaafu," Agnela alisema. "Likate, litandaze chini. Litafunika udongo, unyevu usikimbie. Samadi ya Sidai iweke kuzunguka mgomba, lakini isiguse shina. Na kila shina libaki na watu watatu: mama, binti na mjukuu. Machipukizi mengine yaondoe. Jiko moja haliwezi kulisha ukoo mzima."

"Yote hayo nimesikia," alisema Elinaza. "Sasa uniambie Sidai atakula nini. Maana ng'ombe hali maneno."

Agnela hakumcheka. "Hilo ndilo swali lenyewe, baba. Nikiondoka hapa sijalijibu, nimewadanganya."

Wakazungumza mpaka chai ikaisha. Pembezoni mwa shamba, kwenye makingamaji, yale matuta ya kuzuia maji yasikimbie, wangepanda matete ya kulishia. Yakishika, yangekatwa na kuchipua tena. Mabua ya mahindi ambayo Elinaza alizoea kuyachoma moto yangehifadhiwa juu ya dari la banda. Mgomba uliokwisha kutoa mkungu, shina lake lingekatwakatwa vipande vidogo, lichanganywe na mabua na pumba. Sidai angepata maji na kushiba.

"Kazi nyingi," alisema Elinaza.

"Ndiyo, baba. Ni nyingi."

*

Nashilu hakukata tena jani bichi. Alipanda matete mvua za vuli zilipoanza. Lakini vuli ile ilikuwa ya kudokoa. Ilinyesha kidogo, ikakaa, ikanyesha tena kidogo. Matete yalitoka, yakasimama urefu wa goti, yakagoma.

Mwezi wa kumi na mbili Silantoi alipiga simu kutoka Monduli. Mtoto anaumwa, mama aje. Nashilu akaenda. Mtoto alipopata nafuu akarudi.

Aliporudi hakuingia hata ndani. Mstari mzima wa migomba iliyo karibu na banda ulikuwa umesimama mtupu. Kila mgomba ulikuwa na jani moja juu, lile changa lililosokotwa kama mwavuli. Mengine yote yamekatwa.

Elinaza alitoka bandani. "Karibu nyumbani. Mtoto anaendeleaje?"

"Umefanya nini hapa?"

"Ng'ombe alikuwa analia."

"Mabua je?"

"Mabua anayanusa tu. Ana mimba, Mama Silantoi. Ulitaka nimwimbie?"

"Uliniahidi mpaka masika."

"Niliahidi sing'oi. Sijang'oa."

Nashilu aliingia ndani, akafunga mlango. Migomba ile ya karibu na banda ndiyo iliyokuwa inakaribia kuzaa, na mingine ilikuwa imeanza kutoa mikungu. Aliona masika inakuja, inapita, na Rodrick anashusha mashine yake. Alimpigia Agnela.

"Daktari, usije tena. Utafiti wako umeharibika. Baba amekata nusu ya shamba."

"Nusu ipi?"

"Ya karibu na banda. Ya nyuma hakufika."

"Nakuja kesho. Mwambie baba asikate zaidi. Na asiende popote, namhitaji."

Kesho yake Agnela alipita mstari kwa mstari. Alipima kwa kibanio chake. Kisha akamwita Elinaza. Elinaza alikuja amejiandaa kugombana.

"Baba, umenifanyia kazi ambayo mimi nisingethubutu kumwomba mtu. Mimi nisingeweza kumwambia mama akate nusu ya migomba yake ili tuone itakuwaje. Sasa wewe umekata. Udongo ni ule ule. Mvua ni ile ile. Samadi ni ya Sidai huyo huyo. Tofauti ni majani tu. Kuanzia leo wewe ndiye shahidi wangu. Mstari huu ni wako. Ule wa nyuma ni wa mama. Hakuna kukata popote. Mkungu ukitoka, tutaangalia."

"Ni mashindano?" Elinaza aliuliza.

"Ukitaka yawe mashindano, sawa."

"Basi huyu mama ameshashindwa. Mstari wangu uko karibu na banda, unapata mkojo wa ng'ombe bure."

"Tutaona," alisema Nashilu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha mumewe bila hasira tangu arudi.

Kitu kimoja zaidi Agnela alibadilisha. Alimwonyesha Elinaza jinsi ya kukata mabua mafupi kwa panga na kuyalowesha kwa maji yenye chumvi kidogo kabla ya kuchanganya pumba. Jioni ile Sidai aliacha kunusa, akala. Elinaza alimwangalia akila mpaka mwisho, kama mtu anayeangalia mpira.

*

Masika ilikuja na nguvu zake. Matete yaliruka kutoka gotini hadi kifuani. Sidai akazaa ndama jike, mweusi kama mama yake. Elinaza alikata matete, akabeba, akakata tena yalipochipua. Hakuna aliyekumbuka panga la asubuhi.

Mikungu ilikuwa inanenepa. Mwanzoni tofauti ilikuwa ndogo. Mstari wa Elinaza ulikuwa umeota majani mapya, ukaonekana mzuri kwa mbali. Lakini migomba ile ilikuwa imetumia akiba yake kujenga majiko upya. Mikungu yake ilitoka na chane chache, ndizi nyembamba, zimekaa mbalimbali kama meno ya mtoto. Mstari wa nyuma, kila mgomba ulikuwa na majani tisa, mingine kumi. Kila mkungu ulishuka chane juu ya chane, ndizi zimebanana, zimekosa pa kukaa.

Elinaza alianza kuwa na shughuli kule nyuma. Mara anatafuta jembe. Mara anaangalia kama fuko amechimba. Nashilu alimwona dirishani, amesimama chini ya mkungu, anaupapasa kwa viganja viwili.

Mwezi wa sita, mvua zimekatika, gari lilisimama nje. Rodrick akashuka. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na begani alikuwa na futi ya kupimia.

"Mzee wangu, masika imeisha," alisema. "Nimekuja tupime."

Nashilu alikuwa anaosha vyombo. Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Alimwangalia mumewe. Elinaza hakumwangalia.

"Karibu," Elinaza alimwambia Rodrick. "Tupite nyuma."

Nashilu alijifuta mikono, akawafuata. Walipita mstari wa karibu na banda. Rodrick aliangalia ile mikungu myembamba, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hii kweli ni ya kung'oa, mzee."

"Hii ni kazi yangu mimi," alisema Elinaza. "Nilikata majani yake yote wakati wa kiangazi, ikashindwa kupika. Sasa njoo uone kazi ya mama."

Walifika nyuma. Elinaza alisimama chini ya mgomba mmoja, akachomoa panga. Nashilu alishika mdomo. Elinaza akaikata ngozi ya shina polepole, pigo moja, pigo la pili, mgomba ukainama, mkungu ukaanza kushuka.

"Rodrick, pokea."

"Mimi?"

"Si uko hapo. Pokea, usianguke chini."

Rodrick alitega bega. Mkungu ukamkalia. Alipiga hatua moja mbele, mbili kando, magoti yakapinda. Utomvu ulimchuruzika shingoni, ukaingia kwenye lile shati jeupe.

"Mzee, huu ni mkungu au ni gunia la saruji?"

"Peleka pale barazani. Polepole, usiuchubue."

Rodrick aliutembeza mpaka barazani anahema. Alipoutua, alikaa chini kando yake. Elinaza alikaa upande wa pili. Nashilu alibaki amesimama.

"Sasa, ndugu yangu," Elinaza alisema, "umeubeba mwenyewe. Ungekuwa wewe, ungeng'oa?"

Rodrick aliangalia shati lake, akaangalia mkungu. "Ungeniambia kwa simu, mzee. Ningebaki na shati langu."

"Kwa simu usingeamini. Mimi mwenyewe niliambiwa kwa mdomo, sikuamini."

Nashilu akaingia ndani haraka, kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na hakutaka Rodrick ayaone. Alipotoka alikuwa na kisu. Alikata chane nzima ya juu, ile yenye ndizi nene, akaifunga kwa jani kavu, akampa Rodrick.

"Mpelekee mke wako. Mwambie apike na nyama. Na mwambie utomvu hautoki kwa sabuni, asijisumbue."

Sia alikuja Jumamosi, akanunua mikungu yote iliyokuwa tayari, akabishana bei kama kawaida yake. Agnela alikuja na wenzake wawili wa kazini, wakapima, wakapiga picha. Majirani walikuja kuuliza, na mara nyingi Elinaza ndiye aliyewazungusha. Aliwasimamisha saa sita mchana chini ya jani lililojikunja, akawaambia, "Hili halijafa. Limefunga mlango. Njoo alfajiri uone." Kisha aliwaonyesha mstari wake uliokonda, bila aibu, na matete ya pembezoni, na namna ya kulowesha mabua.

Wiki iliyofuata migomba ya nyuma ilianza kuinama. Mikungu ilikuwa mizito kuliko mashina. Kila mgomba ulihitaji mti wenye panda wa kuuegemeza, na nyumba ile haikuwa na miti hiyo hata mmoja, maana kwa miaka mingi hakukuwa na cha kuegemeza. Elinaza alichukua panga, akapita nyumba hadi nyumba kuomba miti ya panda.

"Mnajenga?" jirani mmoja alimuuliza.

"Hapana," Elinaza alisema. "Ndizi za mke wangu zinaanguka kwa uzito."